Mwanangu kakatwa alama kwa kosa ambalo sio kosa

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Binti yangu yuko Form Two, karudi na karatasi ya Kiingereza, kaandika "This is the girl I came with", mwalimu kapiga mkasi kwa kalamu nyekundu na pembeni kamwandikia kwamba sentensi haiishii na kihusishi, yaani vile vineno kama "with", "on" na "about". Alama mbili zimeenda hivyo. Ananiuliza baba, sasa kumbe niwe nasema "with whom I came" hata nikiongea na wenzangu? Nikamwambia mama, ulichoandika ni sahihi kabisa.

Hiyo sheria jamani sio ya Kiingereza. Mshairi John Dryden ndo alilalamikia jambo hili mwaka 1672, akimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson ambaye alishakufa zamani, na baadaye akarudi mpaka kwenye maandishi yake mwenyewe akawa anahamisha vihusishi. Enzi hizo wasomi walikipima Kiingereza kwa Kilatini, na Kilatini huwezi kukiacha kihusishi peke yake mwishoni, sasa Kiingereza kinahusikaje? Hata Robert Lowth ambaye watu wanapenda kumsingizia, kwenye kitabu chake cha sarufi cha 1762 alisema tu kwamba kukitanguliza kunapendeza zaidi kwenye maandishi rasmi, wala hakukataza. Na mwaka 1926 Fowler, Mwingereza ambaye kamusi yake ya matumizi ya lugha inaheshimika mpaka leo, akaiita hiyo sheria ushirikina.

Barua ya kiofisi sawa, andika "with whom", inapendeza. Ila mtoto anayemtambulisha rafiki yake anaongea kama watu wanavyoongea, kama sisi tunavyosema "huyu ndo niliyekuja naye" na hiyo "naye" inakaa mwishoni na hakuna anayeshtuka.

Walimu wetu nawaheshimu sana, najua madarasa yamejaa na madaftari ya kusahihisha ni lundo. Ila vihusishi vinavyowaangusha watoto wetu ni vingine, vile vya kuchomeka pasipotakiwa, "emphasise on", "discuss about", nazisikia hata kwenye vikao vya wazazi. Kwenye karatasi hiyohiyo, swali la juu yake, binti kaandika "We discussed about the trip" na hapo kapewa vema. Nilipomwonyesha akachukua penseli akaifuta "about" mwenyewe.

Mzazi, Morogoro