Vitabu vya parokia viandikwe siku hiyohiyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makatekista na makatibu wa parokia wanalifahamu fika, ila waumini wengi hulikumbuka pale tu wanapohitaji cheti: namna tunavyoandika mambo ya Kanisa na ya nyumbani, na namna tunavyoacha kuyaandika.

Nianze na kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 877, inamtaka paroko aandike bila kuchelewa jina la aliyebatizwa, aliyembatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwepo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali alipozaliwa. Kanuni ya 535 inataka kipaimara na ndoa navyo viingizwe katika kitabu hichohicho, penye jina la mhusika. Ndiyo maana mchumba huambiwa alete cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa ndani ya miezi sita, hata kama cha utotoni anacho kabatini. Cheti cha utotoni hakiwezi kusema kama mtu ameshafunga ndoa. Kitabu kinaweza, mradi parokia iliyofungisha ndoa imetuma taarifa kule alikobatizwa. Kijana aliyebatizwa Morogoro akafunga ndoa Mwanza, taarifa isipotumwa, kitabu cha Morogoro kitamhesabu kuwa hajaoa, na siku akija na mchumba mwingine atapewa cheti safi. Mke aliyeko Mwanza na watoto wake ndio watakaoumia kwa sababu ya fomu ya ukurasa mmoja ambayo hakuna aliyeijaza.

Makosa mengi huanzia kwenye karatasi za pembeni kabla hata kitabu hakijafunguliwa. Mkesha wa Pasaka hubatizwa watu wengi kwa pamoja. Majina yanatoka vigangoni, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, yakiwa yameandikwa na watu mbalimbali, mengine kwa penseli, kisha karatasi zinasubiri “tukipata nafasi”. Zikija kunakiliwa, mama wa mtoto ameandikwa “Mama Neema”, msimamizi ana jina moja tu, na tarehe ya kuzaliwa imeingia penye tarehe ya ubatizo. Dawa yake ni kujaza fomu wiki moja kabla, mzazi akiwa na kadi ya kliniki mkononi, majina matatu ya kila mtu, kisha mzazi asomewe kwa sauti kilichoandikwa. Kitabu kijazwe siku hiyohiyo ya ubatizo au kesho yake. Wengi hutumia cheti cha ubatizo kama kielelezo wanapoomba RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, cheti cha kuzaliwa walichochelewa kukitafuta, kwa hiyo aliye “Elizabeti” kanisani na “Elizabeth” shuleni atakuja kusumbuliwa ukubwani.

Kuhusu kitabu chenyewe, tumieni bolpeni ya kawaida, nyeusi au ya buluu. Kalamu za jeli zinapendeza, lakini nyingi huchuruzika tone la maji likidondoka. Neno likikosewa, lisifutwe kwa korekta wala kwa wembe: pigeni mstari mmoja juu yake ili libaki likisomeka, andikeni lililo sahihi, wekeni sahihi na tarehe. Ukurasa uliochanika usiunganishwe kwa selotepu, maana baada ya miaka gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Kila ingizo lipewe namba na mwaka, na nyuma ya kitabu kuwe na orodha ya majina kwa alfabeti. Bila orodha hiyo, mtu asiyekumbuka mwaka aliobatizwa humlazimu katibu kufunua kitabu kizima. Rafu iinuliwe kutoka sakafuni na isigusane na ukuta, kwa kuwa mchwa hupitia hapo. Msifunge vitabu kwenye mifuko ya plastiki. Unyevu ukinaswa ndani, ukungu hauchelewi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya ofisini, imani iko moyoni. Nawaomba wasome Yeremia sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na hapo ndipo ananunua shamba la Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, anapima fedha kwenye mizani. Hati zilikuwa mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, akampa Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Aliamini ahadi ya Mungu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, na hati ile ikawa imani yake katika vitendo. Anayesoma habari hiyo hawezi kuniambia kwamba daftari na muhuri havihusiani na sala.

Kwenye jumuiya ndogondogo, michango iandikwe kwenye kitabu cha stakabadhi chenye nakala, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Ujumbe wa WhatsApp si kumbukumbu ya kikao. Simu ikiibiwa, maamuzi yameondoka nayo.

Sehemu ambayo Wakristo wengi huiogopa ni wosia, kana kwamba kuuandika ni kujitabiria kifo. Kwa wanaofuata sheria ya mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 linataka wosia uandikwe kwa wino au upigwe chapa, uwe na tarehe, na mwenyewe aweke sahihi au dole gumba. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika, na wasiwe miongoni mwa warithi. Ukiupeleka kuhifadhiwa parokiani, omba uandikwe kwenye daftari kwamba umepokelewa, nani ameupokea na tarehe gani, kisha mwambie angalau mtu mmoja wa nyumbani mahali wosia huo ulipo.

Katibu mstaafu wa parokia,
Morogoro