Zege Halikauki

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hatujambo wote, mvua zimeisha na tope la njiani limeanza kuwa vumbi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kusikia jamvi, ile sakafu ya zege ya nyumba yenu ya Kibaha, limeshamwagwa. Mara ya pili moyo ulinidunda, nilipofika pale uliposema fundi amewakataza kulimwagilia maji, eti liacheni likauke. Halafu chini kabisa, kama jambo lingine, ukanieleza kwamba binti yako amekosa swali la sayansi: aliulizwa saruji ikishika ni mabadiliko ya aina gani, akajibu ni ya kifizikia kwa sababu maji yamekauka. Shoga, hilo ni jambo moja. Mtoto na fundi wamekosea mahali pamoja, ila kosa la mtoto limekula alama, na la fundi litakula sakafu.

Zege halikauki. Linashika. Saruji ikikutana na maji haikai nayo kama sukari inavyokaa na chai. Inaungana nayo na kuzaa kitu kipya, vijiwe vyembamba visivyoonekana kwa macho, vinavyosokotana na kukumbatia mchanga na kokoto. Sehemu kubwa ya maji yale haiendi popote, inakuwa jiwe pamoja na saruji. Muungano huo hutoa joto lake wenyewe, hata zege nene likimwagwa kivulini hupata moto. Na kazi haiishi kwa siku moja. Wahandisi wanapopima nguvu ya zege huhesabu siku 28 tangu limwagwe, na mpaka hapo bado linaendelea kukomaa polepole. Jua likinyonya maji siku ya pili, saruji inabaki na njaa, kazi imeishia njiani.

Mimi yamenikuta. Chumba changu cha uani tulikimwaga sakafu mwezi wa Januari, jua la utosi, na aliyekuwa akinijengea akasema ikishapauka basi ni tayari. Nikamwamini. Miezi miwili baadaye kila nikifagia napata vumbi la kijivu, nafagia tena, napata lingine. Nyufa nyembamba kama nywele zimetoka mlangoni hadi dirishani. Pesa ile niliichangia upatu mwaka mzima, wewe unajua.

Fundi akibisha, mwombe binti yako amfanyie jaribio. Akoroge saruji kidogo na maji, afinyange vidonge viwili. Vikishaanza kushika, kimoja akiache juani, kingine akitumbukize kwenye ndoo ya maji. Baada ya wiki avigonge vyote kwa nyundo. Kama ugumu wa saruji ungetokana na kukauka, kile cha kwenye ndoo kingekuwa uji mpaka leo. Na ukija huku Dar nitakupeleka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 pale Selander, uone nguzo zilivyosimama ndani ya bahari.

Kinachokauka kweli ni udongo wa kukandikia. Nyumba ya bibi yangu ilikandikwa, unaikumbuka. Maji yalitoka kwenye tope, ukuta ukawa mgumu, ila udongo ulibaki udongo uleule. Masika ikija unalainika, unakuwa tope tena. Hayo ndiyo mabadiliko ya kifizikia: hali na umbo vimebadilika, kitu ni kilekile. Sasa chukua udongo huohuo ufyatue tofali, ulichome kwenye tanuri. Tofali hilo uliloweke mwaka mzima, tope halirudi. Moto umeufanya udongo kitu kingine, na hayo ndiyo mabadiliko ya kikemia, kama yale ya saruji.

Hapo shuleni walitufundisha njia ya mkato, na naona bado inafundishwa: kinachoweza kurudi kilivyokuwa ni cha kifizikia, kisichorudi ni cha kikemia. Inasaidia kidogo, halafu inakuangusha. Mahindi ukishayasaga hayarudi kuwa punje, lakini unga ni mahindi. Na kuna chokaa, ambayo mimi naipenda kuliko mifano yote kwa sababu ni ya pwani yetu. Wazee walichukua matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakawasha moto mkubwa. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe hilo linaachia hewa ukaa. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 tu, nyingine zimepaa. Kinachobaki ukikimwagia maji kinachemka chenyewe na kufumuka, na hapo usisogeze uso wala mkono, kinaunguza. Ile chokaa laini wakaitumia kujengea na kupaka kuta, na ukutani ikaanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka angani, polepole, miaka na miaka, mpaka ikawa jiwe lilelile la mwanzo. Nenda magofu ya Kunduchi uguse ule msikiti wa zamani. Limetoka jiwe, limerudi jiwe, na kila hatua njiani ilikuwa ya kikemia. Nikisimama pale huwa sitaki kuondoka.

Kwa hiyo mfundishe binti aulize swali moja: kitu hiki bado ni kilekile, au kimezaliwa kingine? Barafu ikiyeyuka ni maji. Chupa ya maji iliyopasuka kwenye friza imepasuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka, basi, maji ni yaleyale. Msumari ulioshika kutu umekula oksijeni na maji, na ukiupima na kutu yake yote utaukuta mzito kuliko ulipokuwa mpya. Waambie basi wasiache nondo zenu nje zikilowana.

Na awe makini na dalili. Mapovu peke yake hayatoshi: maji yakichemka yana mapovu na bado ni maji, ila magadi ukiyakamulia ndimu, mapovu yale ni hewa mpya iliyozaliwa papo hapo. Harufu nayo inadanganya. Nafthalini ya kabatini inanukia chumba kizima na kuisha yote, kumbe imegeuka mvuke tu. Akitaka kuona aina zote mbili kwa pamoja, aangalie jiko lako la gesi. Ndani ya mtungi kuna kimiminika, utakisikia ukiutikisa. Kikitoka kinakuwa gesi, hapo ni fizikia. Kikishika moto, ni kemia.

Sasa jamvi. Hujaniambia limemwagwa siku gani, lakini usingoje jibu langu lingine. Tandazeni magunia leo hii, myaloweshe asubuhi, mchana na jioni, siku saba zisipungue. Nitampigia shemeji usiku nimweleze mwenyewe, wewe zungumza na fundi kwa upole, asione tumemdharau.

Nisalimie mama, na binti mwambie namsubiri anipe habari za vidonge vyake.

Ni mimi shoga yako wa Tegeta.