Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vifaa vya Moyo katika Ambulensi Yetu, Malaba

Ndugu wanachama, salaam.

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Nitasema tu kwamba michango imeingia vizuri kuliko nilivyotarajia, hasa kutoka kwa madereva wa malori na mawakala wa forodha. Wengi wao si wenyeji wa Malaba, mji wetu wa mpakani mwa Uganda na Kenya, lakini ndio wanaolala kwenye yadi za malori na kuugulia humo humo. Vijana wa steji ya bodaboda nao wamechanga bila kukumbushwa. Wenye maduka makubwa mnajijua, tutazungumza.

Kama mnavyofahamu, gari si letu. Ambulensi ni ya serikali na wahudumu wake ni wa serikali. Sisi tulijitwika vile vifaa vilivyokosekana ndani yake: mashine ya ECG, ile inayochora mwenendo wa umeme wa moyo, na mashine ya kushtua moyo ulioacha kupiga sawasawa. Kabla ya hapo ndani ya gari mlikuwa na machela, mtungi wa oksijeni na king'ora. Mwenye shambulio la moyo alikuwa abiria tu.

Nitoe mfano mmoja, bila jina. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye kisukari, alianza kulalamika kiungulia akiwa anasubiri karatasi zake za mzigo. Utingo wake akamnunulia dawa ya vidonda vya tumbo, maana kwetu maumivu yoyote kati ya koo na kitovu ni vidonda vya tumbo. Alipotokwa jasho jembamba na kutapika ndipo wenzake wakaita gari. Mhudumu alimfuta kifua kwa taulo, akamnyoa vinyweleo kwa wembe, kwa sababu vibandiko vya ECG havishiki penye jasho wala penye nywele. (Ni zile nyembe ambazo mmoja wenu aliuliza kikaoni zilinunuliwa kwa kazi gani.) Karatasi ikatoka, mistari imepanda mahali ambapo haikupaswa kupanda. Akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa daktari wa zamu, na kwa maelekezo yake akampa mgonjwa aspirini ya miligramu 300 aitafune, si kuimeza nzima. Walipofika hospitali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilikuwa tayari. Yu hai. Lori sasa anaendesha mtu mwingine.

Kwa nini karatasi ile ina uzito kuliko king'ora? Katika shambulio la moyo, mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba, na kila dakika inayopita sehemu ya msuli inakufa. Njia bora ni kuuzibua kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa. Kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, iliyofungua maabara yake ya katheta, yaani ya kupitisha mrija mwembamba mishipani, mwaka 2012. Lakini mwongozo wa madaktari unasema puto linafaa kuchaguliwa kwanza pale linapoweza kufikiwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Kutoka hapa hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 200, na njiani kuna Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira na foleni ya Mukono. Hakuna dereva wa kuahidi saa mbili. Kwa hiyo tiba ya mtu wa Malaba ni kuyeyusha damu kwanza, karibu na nyumbani, halafu safari ya Kampala ifuate. Na dawa hiyo haitolewi kwa kubahatisha: aliyepata kiharusi karibuni au anayevuja damu inaweza kumuua. Daktari anaamua, na ili aamue anahitaji ile karatasi.

Kuhusu mashine ya kushtua moyo, nawaomba msiitegemee kuliko inavyostahili. Moyo ukishaanza kutetemeka bila kusukuma damu, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita kama hakuna anayefanya lolote. Gari haliwezi kuwa kila yadi. Ndiyo maana Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, tuliwafundisha askari wa yadi na waendesha bodaboda kukandamiza kifua: katikati, kwa kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Waliochoka haraka walikuwa wale waliocheka mwanzoni.

Sasa nije kwenye jambo litakalotugawa. Baadhi yenu mnataka mwaka huu tununue gari la pili. Mimi siungi mkono. Pedi za mashine ya kushtua zina tarehe ya mwisho hata kama pakiti haijafunguliwa. Betri huchoka. Karatasi za ECG huungua kwa joto. Ukizisahau kwenye dashibodi juani zinageuka nyeusi, na bunda moja tumelipoteza hivyo. Kubwa zaidi ni dawa yenyewe. Siku ya yule dereva ilikuwepo stoo. Zimekuwapo siku nyingine ambapo haikuwepo, na jamaa wa mgonjwa wakatumwa kuitafuta madukani usiku.

Napendekeza basi fedha za mwaka ujao ziende kwanza kwenye pedi, betri na karatasi, kisha tukubaliane na hospitali ili dozi za dawa hiyo zisikosekane stoo, nasi tulipie kujaza pengo kila moja inapotumika au kukaribia kuisha muda. Mafunzo yaendelee. Mchango wa mwezi ubaki ulivyo.

Mtapiga kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Mkichagua gari nitaheshimu uamuzi wenu, ila anayeliunga mkono asimame atuambie nani atalipa mshahara wa dereva wake, na nani atajaza tangi.