Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: jina la kikundi lisikae mfukoni mwa fundi

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Majina ya tovuti za vikundi vinavyokopeshwa na halmashauri

Salaam kutoka Ngamiani. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wawili tunaotengeneza sabuni ya mwani. Tulipata mkopo kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fungu la asilimia 4 la wanawake, na marejesho tunalipa. Sijaja kulalamikia mkopo. Nimekuja na boksi la lebo.

Tulichapisha lebo elfu mbili. Juu jina la sabuni, katikati picha ya mwani, chini kabisa kwa herufi ndogo anwani ya tovuti yetu, inayoishia na .com. Siku moja mteja wa Dar es Salaam akanitumia picha ya kioo cha simu yake: kaandika anwani ile, imemletea mikeka ya kubeti. Akauliza, "Dada, mmeacha sabuni?" Nilimjibu kwa utani, kisha nikaweka simu chini na mikono ikaanza kutoka jasho.

Fundi aliyetutengenezea tovuti alisajili jina kwa jina lake, kwa baruapepe yake. Baadaye akahama mkoa na namba akabadili. Mwaka ulipoisha, notisi za kulipia zilikwenda kwenye baruapepe ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Jina la .com halipotei siku hiyo hiyo. Likishafutwa kwa kutolipiwa hupewa siku 30 za kukombolewa, kwa bei ya juu, kama kitu kilichowekwa rehani. Zinafuata siku 5 za mwisho, halafu anayewahi ndiye mwenyewe. Siku zote hizo sisi tunachemsha mafuta ya nazi, hatuna habari. Aliyewahi ni mtu wa kamari.

Nieleze kidogo mambo haya yanavyokwenda, maana hata mimi sikuyajua mpaka yaliponifika. Sisi wa Ngamiani tumekulia kwenye namba: Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Mbili. Kompyuta nazo hujuana kwa namba, ila namba zao ni ndefu, na ukihamishia tovuti kwenye seva nyingine, yaani kompyuta inayoihifadhi, namba inabadilika. Zamani kompyuta za mtandao zilikuwa chache, majina yote yakaandikwa kwenye faili moja lililotunzwa California, kila mtu akalinakili. Faili likaelemewa. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia hadi leo, na ni utaratibu wa kuulizana, kama mgeni aliyeshuka stendi anavyotafuta nyumba. Simu ya mteja ikitafuta sabuni yetu, swali huanzia kwenye seva za mzizi, zile za ngazi ya juu kabisa. Mzizi unajibu: huyo simjui, muulize anayeshika .com. Wa .com anajibu: muulize seva fulani. Seva hiyo ndiyo inatoa namba. Yote haya kufumba na kufumbua, na jibu likishapatikana huhifadhiwa kwa muda ili swali lisirudiwe.

Basi anayeshika jina ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la ngazi ya juu yake. Kuchemsha sabuni usiku kucha hakukupi haki yoyote mbele ya daftari hilo.

Hata mzizi una mwenyewe. Seva zake zina majina 13, A mpaka M, zinaendeshwa na taasisi 12, nakala zimetawanyika duniani, lakini orodha ya wanaoshika .com, .tz na wenzao ni moja na inatunzwa na ICANN, shirika la California lililoanzishwa mwaka 1998. Januari ya mwaka huo Jon Postel, aliyekuwa akisimamia orodha ile kwa miaka mingi, aliwaandikia waendeshaji baruapepe akiwaomba waifuate kompyuta yake badala ya ile iliyokuwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani. Wanane wakaifuata! Serikali ikamjia juu, akarudisha. Mkataba wa Marekani wa kusimamia kazi hiyo ulikuja kuisha tarehe 1 Oktoba 2016.

Kijana wangu, anayependa mambo haya kuliko kula, aliniambia, "Mama, achana nao, kuna majina yasiyo na bosi." Akanionyesha Namecoin, ya mwaka 2011, ambako daftari linashikwa na kompyuta nyingi kwa pamoja na hakuna mmoja wa kukunyang'anya. Nikamuuliza: mteja wa Muheza ataifungua kwa simu yake ya kawaida? Akasema hapana, mpaka aongeze programu. Na nikipoteza ufunguo wa siri? Jina limekwenda, hakuna dirisha la kwenda kulia. Akanionyesha pia anwani za .onion, za mtandao wa kuficha utambulisho uitwao Tor, ambazo hazihitaji msajili yeyote, ila kila moja ina herufi 56 zisizosomeka. Kwenye lebo ya sabuni, Mkurugenzi? Sizidharau njia hizo. Kwa mwandishi anayewindwa zina maana kubwa. Sisi shida yetu ni ndogo zaidi, na dawa yake iko ofisini kwako.

Hamtupi mkopo mpaka mwone akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini wake. Naomba jina la tovuti litendewe vivyo hivyo. Afisa Maendeleo ya Jamii anapokagua makaratasi, aulize: jina limesajiliwa kwa nani, baruapepe ya nani, nywila wanayo viongozi wangapi, linaisha lini? Na mtushauri kutumia .tz, co.tz kwa biashara au or.tz kwa vyama, ili tukikwama msajili tunayemwendea awe ndani ya nchi na sheria iwe yetu.

Ombi la pili. Kwenye mafunzo ya vikundi, mshiriki mmoja alishauri halmashauri inunue jina moja, sisi wote tuwekwe chini yake bure. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga. Tarehe 4 Oktoba 2021 mafundi wa Facebook walikosea kwenye mitambo yao, seva zao za majina zikawa hazifikiki, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikatoweka pamoja kwa saa kama sita. Mimi nilidhani bando limeisha. Siku karani akisahau kulipia jina hilo moja, vikundi vyote vya Tanga vitazimika kwa mpigo. Waliotafsiri istilahi hizi kwa Kiswahili waliliita jina la tovuti kikoa. Bibi zetu walikula kikoa: leo kwangu, kesho kwako, sufuria halikai nyumba moja. Kila kikundi kiwe na jina lake, halmashauri itufundishe kulitunza.

Lebo zimebaki kama 1,400. Jumamosi tutakaa barazani na mikasi, tukate mstari wa chini moja baada ya nyingine. Afisa utakayemtuma apite saa kumi jioni, mkasi wa ziada upo.

Wako katika ujenzi wa Jiji,

Katibu wa kikundi,
Ngamiani, Tanga