Mpigie mdogo wako leo

Muheza

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na picha za muhogo nimezitazama roho ikiniuma. Majani kijani, shina limenyooka, halafu unachimba na kukata, unakuta ndani madoa ya kahawia makavu kama kizibo. Hiyo ni michirizi ya kahawia. Ardhi yako haijachoka, wala usimshuku mtu.

Ni ugonjwa wa virusi. Wale nzi weupe wanaoruka ukitikisa majani ya juu hufyonza utomvu wa mti mgonjwa, kisha wakaviacha kwenye mti wa pili. Virusi haviwezi kuzaana peke yao. Huingia kwenye chembe hai za mmea na kuzitumikisha. Kisha husafiri kwa mirija ile ile inayoshusha sukari kutoka majanini kwenda mizizini.

Mmea nao haukai kimya. Huutambua uzi unaobeba maagizo ya virusi, ukaukatakata vipande vidogo mno, na kwa vipande hivyo ukawinda nyuzi nyingine za aina hiyo. Virusi navyo vina protini ya kuvuruga kazi hiyo, kwa hiyo mengi hutegemea aina ya mbegu. Hapo juu kwetu Amani, kwenye kituo cha utafiti, ambako ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1936, watafiti walizalisha muhogo na jamaa yake wa porini, ule unaotoa mpira. Uzao wao mmoja, Namikonga, ambao Kenya huitwa Kaleso, unalimwa hadi leo. Virusi vikiuingia huzaana kwa uchache.

Lakini lililoninyima usingizi ni kwamba umempelekea mdogo wako wa Rufiji mzigo wa pingili. Zuhura, nakuomba mpigie leo, asipande. Nzi hubeba virusi hivi kwa muda mfupi tu, havifiki mbali naye. Wanaovivusha wilaya hadi wilaya ni sisi, kwa pingili tunazopeana kwa upendo. Nami niliwahi kupokea za jirani bila kuuliza, nikala hasara msimu mzima.

Ukivuna, kata kila muhogo kabla hujachukua mbegu kwenye shina lake. Tazama pia majani ya chini: umanjano ukifuata mishipa, acha. Batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, hujionyesha juu, majani yakajikunja; huu wa michirizi hujificha.

Natamani nikuletee mbegu, ila yangu bado iko ardhini. Sijaikata nikaiona.

Wako,
Mwanahamisi