Sifa za Ufini zisiishie Karelia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Kila inapozungumzwa afya ya jamii, Ufini husifiwa, na kisa kinachosimuliwa ni cha Karelia ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa nchi hiyo. Nami nakipenda kisa hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa mkoa ule, wengi wakulima na wakata miti, walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo huku watoto wao wangali wadogo. Wananchi wenyewe wakapeleka ombi serikalini. Mwaka 1972 daktari wa miaka 27, Pekka Puska, akakabidhiwa mradi wa kupunguza vifo hivyo. Hakuanza na hospitali ya moyo, alianza na jiko. Akina mama wa vyama vya vijijini wakafundishana kuongeza mboga katika mchuzi uliozoea nyama ya mafuta, siagi na chumvi vikapunguzwa, wavutaji wakasaidiwa kuacha sigara. Hata wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakasaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo ya beri. Katika miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Lakini mimi naishi huku Ufini, nahudumia wazee, na naona mengine. Mwenye ajira kwa kawaida hutibiwa kwa mpango wa mwajiri wake, bila kulipa, na mara nyingi humwona daktari upesi. Mstaafu na asiye na kazi hutegemea kituo cha afya cha umma, ambako foleni ni ndefu. Na hao ndio wenye maradhi mengi zaidi! Januari 2023 huduma za afya za umma ziliondolewa kwenye manispaa zikapewa mikoa 21 na jiji la Helsinki, kwa nia ya kupunguza pengo hilo. Kisha mwaka 2025 kikomo cha kungoja matibabu yasiyo ya dharura kikarefushwa kutoka siku 14 hadi miezi 3 kwa wenye miaka 23 na zaidi.

Bibi mmoja ninayemhudumia hukata siku kwenye kalenda ya ukutani, akingoja kuonwa goti. Amelipa kodi maisha yake yote.

Waandishi wako wakija tena Ufini, nawaomba wafike pia kituo cha umma saa 2 asubuhi, simu za miadi zinapofunguliwa, wawasikilize wanaopiga.

Msomaji wako,
Ufini