Kwa Zuhura, Wete

Kiwengwa, mwisho wa Mei

Zuhura shoga yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Huku sote wazima, alhamdulillahi, mvua tu ndiyo imetushika. Nimeusikiliza ule ujumbe wako wa sauti, nikaona nikuandikie, kwani maneno ya simu hupita na haya nataka ukae nayo.

Umenambia tangu ulipoachishwa kazi ya vyumba hotelini umejifungia ndani, hata harusi ya jirani hukwenda, kwa kukhofia kuulizwa mbona umerudi mapema. Halafu ukasema, "Labda kazi yenyewe siiwezi." Neno hilo limeniuma, kwa sababu si kweli na mimi ni shahidi. Nimefanya vyumba nawe. Nimekuona ukiivuta shuka mpaka haina hata mkunjo, ukapanga mito, kisha ukarudi mlangoni ukasimama kukitazama chumba kama atakavyokiona mgeni akifungua. Hilo hakukufundisha mtu. Na msimamizi alikuwa akikupa vyumba vya ufukweni, vya wanaolipa ghali, akijua hapatakuja lalamiko.

Kilichokutoa kazini ni masika. Machi mpaka Mei wageni hupungua, na baadhi ya hoteli za pwani hii hufunga kabisa. Hoteli huchukua watu kwa ajenti, yule wa kati anayewaajiri na kuwaleta, kwa sababu hiyo hasa: vitanda vikijaa waletwe, vikiwa vitupu waondoke bila ya hoteli kubeba deni lolote. Walioajiriwa na hoteli yenyewe hupewa likizo, sisi huambiwa tusubiri simu. Na hata wao hawako salama siku zote. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, walirudi majumbani watu waliozeekea katika hoteli hizi, na hakuna aliyesema kuwa kazi hawaiwezi.

Najua kinachouma zaidi ni namna ilivyofanywa. Ile orodha ya kesho inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya Isha. Unaisoma juu mpaka chini, jina lako hulioni, unarudia tena ukidhani limekupita. Hakuna aliyekupigia, hakuna aliyekwambia ahsante. Ukiuliza hotelini unajibiwa, "Wewe si wetu, muulize ajenti." Ajenti naye anakwambia, "Hoteli haikukuomba." Unabaki katikati, huna wa kumshika, na mtu asiyepewa sababu huitafuta ndani ya nafsi yake. Mimi pia jina langu liliwahi kukosekana hivyo, na nililia. Kumtoa mtu kazini bila ya neno ni kumvunjia heshima, hata kama mkataba unaruhusu, na sitaacha kulisema hilo.

Sasa utoe ule mkataba wako, usome palipoandikwa mwajiri ni nani. Kama ni sawa na wangu, ni ajenti, si hoteli. Basi madai yako yote ni kwake: siku ulizofanya na hukulipwa, na zile pesa alizokukata za yunifomu ilhali yunifomu umemrudishia. Muandikie, usimpigie tu, na nakala ubaki nayo. Akikaa kimya, nenda Kamisheni ya Kazi. Kuna na kitengo cha kusuluhisha migogoro ya kazi, ukiwa na karatasi zako watakusikiliza. Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 haikuandikwa kwa ajili ya wenye ajira za kudumu tu, ijapokuwa maajenti wengi wanapenda tuamini hivyo.

Kisha nenda ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ukaombe taarifa ya michango yako. Hili nakusihi sana. Mfuko ule umewekwa kwa sheria tangu 1998, mwajiri hukukata wewe na yeye akaongeza sehemu yake. Ajenti wangu wa mwanzo alikuwa akinikata kila mwezi, na makato yakionekana wazi kwenye hati ya mshahara, lakini nilipokwenda kuangalia nilikuta miezi mingine mitupu. Nilimpelekea hati zangu, moja moja, akatazama, akanuna, akalipa. Bila ya zile karatasi ningesema nini? Kwa hivyo kama na wewe umekatwa na pesa hazikufika, aibu ni yake. Wewe katoke, kahudhurie harusi za watu.

Huyo mtu anayekuahidi kazi Arabuni, usimpe pasipoti wala shilingi mpaka uwaulize Kamisheni kama wanamjua. Najua ukiwa huna kitu kila mlango unaonekana wa kheri. Nakuomba tu umsubirishe.

Na karafuu zikianza kabla hujapata pengine, nenda kachume bila ya kusikiliza watakaosema umetoka hotelini ukarudi mikarafuuni. Pishi uliyoichuma unalipwa, na jioni unajua ulichokipata. Lakini mimi natumai utakuwa uko huku. Juni inaingia, wageni wanaanza kurudi, na msimamizi wetu wa zamani, ambaye sasa yuko hoteli nyingine, anatafuta watu wa vyumba wa kuajiriwa na hoteli yenyewe, bila ya ajenti. Nimemtajia jina lako. Akasema, "Yule wa Wete? Mwambie alete karatasi zake." Ni mkataba wa msimu, sikufichi, na baada ya hapo hakuna aliyeahidi kitu. Lakini hati ya mshahara itatoka kwao wenyewe, na ukiwa na la kuuliza utajua mlango wa kugonga.

Nitumie picha ya kitambulisho chako cha Mzanzibari na ile barua ya msimamizi aliyotuandikia mwaka jana. Kama huioni, mtafute mdogo wako, alikuwa nayo kwenye simu. Malazi usijali, chumba changu kinatutosha, na nauli ya boti kutoka Mkoani nitakutumia, utanilipa ukipokea mshahara wa mwanzo. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi anapeleka majina.

Nisalimie Mama sana, mwambie dawa zake nimezipata na nitampa mtu anayevuka wiki hii.

Wako,
Maryam